Dryden na Pope katika Mizani ya Johnson

Samuel Johnson, alipoandika maisha ya Alexander Pope miongoni mwa habari za washairi wa Kiingereza zilizotolewa kati ya 1779 na 1781, alimpima Pope pamoja na John Dryden. Ukurasa ule husifiwa kuwa kielelezo cha kulinganisha kwa Kiingereza, wala hausifiwi bure. Ila wausifuo aghalabu husikiliza mlio wa sentensi, wakaiacha kazi yenyewe.

Johnson haanzi kwa tofauti. Kwanza aonyesha kwa nini wawili hao wastahili mizani moja: Pope, ambaye Dryden alipokufa mwaka 1700 alikuwa hajatimiza miaka 12, alikiri kwamba ushairi wake alijifunza kwake, na katika akili na upambanuzi hakuna aliyepunjwa. Baada ya hapo tu ndipo zinapokuja tofauti, na kila moja ina jambo lake lililotajwa wazi: mmoja aliandika kwa haraka akaridhika, mwingine alisahihisha pasipo kuchoka. Mwanafunzi asemaye kwamba waandishi fulani "wanafanana lakini wanatofautiana" hajasema kitu, kwa kuwa hakutaja ni katika nini.

Palipo na kasoro ni kwenye mfano mashuhuri, ambao Dryden ni konde lenye miinuko na Pope ni uwanja wa majani uliokatwa ukasawazishwa. Mfano wapendeza, lakini The Dunciad (1728), utungo wa Pope wenye ghadhabu na matope, hauna nafasi katika uwanja huo. Hapo ulinganifu wa maneno umeushinda ukweli. Hata hivyo Johnson, akimpa Dryden ushindi kwa kusitasita, amwonya msomaji kuwa huenda anampendelea. Uungwana huo ni adimu kwa wahakiki.

Mfasiri wa Kiswahili ana la kujifunza hapa. "Johnson alimpenda Dryden kuliko Pope" ina maana mbili, na Kiingereza nacho kina utata uo huo. Johnson aghalabu huuepuka kwa kulirudia jina la kila mshairi penye kitenzi chake. Kiswahili kina njia fupi zaidi: "kuliko alivyompenda Pope" ni habari moja, na "kuliko Pope alivyompenda" ni nyingine kabisa.