Mombasa Iliyochorwa Cologne

Mwaka 1572, kule Cologne, Georg Braun na Frans Hogenberg walichapa Mombasa, Kilwa, Sofala na Aden kwenye ukurasa mmoja wa kitabu chao cha miji. Nimeukuza kwenye simu, hapa Kericho. Mchoro mzuri, sikatai. Shaba imechongwa kwa mkono usiotetemeka. Lakini Mombasa yao imetulia mno. Wareno walishaichoma 1505, na 1593 wakaja kuanza kujenga Fort Jesus. Moshi uko wapi?

Utulivu huo naujua. Ramani za mashamba ya chai huku nazo zimenyooka, safi kabisa, na hazisemi kwamba 1934 serikali ya kikoloni iliwahamishia watu wa ukoo wa Talai Gwassi. Ramani ikipendeza sana, uliza: nani hayumo?