Sikio la Sakamoto Mezani

Ryuichi Sakamoto hakuwa mtu wa kulalamika mgahawani. Muziki ukimkera, alinyanyuka akaenda zake. Kajitsu ndiko alikoshindwa kuondoka. Mgahawa huo wa Kijapani wa Murray Hill, New York, ulipika chakula alichokipenda mno, na juu ya chakula kile spika zilimwaga mchanganyiko usio na mpango: pop ya Brazil, nyimbo za zamani za Kimarekani, jazi kidogo. Siku moja alirudi nyumbani akamwandikia mpishi mkuu, Hiroki Odo. Alimwambia kwamba chakula chake kina uzuri wa Katsura, kasri la kale la Kyoto, lakini muziki wake unafanana na Trump Tower. Kisha akaomba kazi: niachie nikuchagulie mimi. Malipo hakutaka.

Aliyeandika hayo alikuwa mtunzi wa muziki mwenye tuzo ya Oscar ya mwaka 1988, kwa muziki wa filamu ya The Last Emperor. Tangu kisa hiki kisimuliwe magazetini mwaka 2018, nimekirudia mara nyingi, na kila nikikirudia naona hakuna sifa kubwa kuliko hiyo awezayo kupewa mpishi. Sakamoto alikuwa anakisikia kile chakula.

Kajitsu walipika shojin ryori, mapishi yaliyolelewa katika mahekalu ya Kibudha. Nyama hakuna, samaki hakuna, hata kitunguu na kitunguu saumu havitiwi. Sisi ambao mchuzi wetu huanza kwa kitunguu kulia kwenye mafuta, tufikirie mpishi huyo anaanzia wapi. Anaanzia kwenye maji. Huloweka mwani uitwao kombu, akautia moto wa taratibu, na maji yakikaribia kuchemka anautoa, maana ukitokota supu huingia uchungu. Huongeza maji ya uyoga mkavu wa shiitake uliolowekwa. Hapo tayari amepata msingi wa mlo mzima, na mkono ukikosea kidogo hakuna pilipili ya kuficha kosa.

Katika mapishi hayo, goma-dofu ndiyo inayonishika zaidi. Huitwa tofu ya ufuta, ingawa haina soya. Ufuta husagwa katika bakuli lenye mifereji ndani mpaka ulainike utoe mafuta, ukachanganywa na maji na wanga wa mzizi wa mmea uitwao kuzu, kisha ukabandikwa motoni na kukorogwa bila kuachwa. Aliyewahi kusimamia sufuria ya tui lisikatike anaijua kazi hiyo kwa kiwiko chake. Na pengine ufuta wenyewe umetoka Lindi, kwa kuwa Japani hununua ufuta wa Tanzania. Uangalifu huo ni wa kale: mwaka 1237 mtawa wa Kibudha Dogen aliwaandikia wapishi wa hekaluni mwongozo mzima, akiihesabu kazi ya jikoni kuwa ibada kamili.

Basi Odo alipokubali, Sakamoto naye aliingia jikoni kwa njia yake. Akisaidiwa na mtayarishaji wa muziki Ryu Takahashi, alikusanya nyimbo, wakaenda kuzisikiliza palepale watu wanapokula. Za mwanzo zilikuwa na giza mno. Rangi ya kuta ilizikataa, viti na meza vilizikataa. Wakapunguza, wakabadilisha, wakarudia tena na tena, kama mtu anayeonja, akanyamaza, akaonja tena kabla ya kugusa chumvi.

Haikuwa mara yake ya kwanza kukisikiliza kitu kwa unyenyekevu huo. Baada ya tsunami ya Japani ya 2011 aliikuta piano iliyozama, nyuzi zake zimelegea, naye akazisikia kuwa zimerejea kwenye hali yake ya asili. Sauti ya piano hiyo aliitia katika albamu yake ya async, mwaka 2017, bila kuirekebisha. Mpishi anayeacha mwani uwe mwani ni ndugu yake.

Katikati ya hayo, mwaka 2014, alikutwa na saratani ya koo. Siamini kwamba mtu aliyetibiwa koo huweza tena kumeza tonge kwa mazoea. Alifariki Machi 2023. Nikimkumbuka, namwona ameketi mezani Kajitsu, anafunua kifuniko cha bakuli la supu, mvuke unapanda, na piano iliyochaguliwa na mkono wake inapiga noti moja, kisha inaiacha imalizike yenyewe.