Mwongozo wa PostgreSQL: mkweli, ila unamfikiria mwenye mashine yake

Wadau, leo hatuchambui kitabu wala filamu. Tunachambua Sura ya 17 ya nyaraka rasmi za PostgreSQL, ile inayofundisha kusakinisha kanzidata hiyo kutoka kwenye msimbo chanzo.

Inatuhusu nini sisi wa Masoko? Ziwa letu la kreta hapa Rungwe, ambalo wengine huliita Kisiba, liliingia kwenye jarida la Science mwaka 2015. Watafiti walisoma jenomu za samaki wake na kuonesha jinsi kundi moja linavyoanza kugawanyika: madume ya njano karibu na ufukwe, ya bluu kwenye kina. Utafiti wa aina hiyo unazaa majedwali mengi, Excel inalemewa, na mwanafunzi anaambiwa atumie kanzidata. Kompyuta yenyewe ni ya maabara na nywila ya msimamizi hana. Basi anashusha msimbo chanzo, faili lisilofika megabaiti 30, bando linatosha.

Tuanze na sifa. Sura hii haifichi kitu. Kabla ya amri yoyote inaorodhesha mahitaji, na inaonya kwamba kwenye Linux nyingi laibrari ya readline huja vipande viwili: cha kuendeshea programu na cha kuijengea. Kosa linalowakwamisha wengi limeelezwa pale pale.

Tatizo ni kwamba nani anasoma pale? Wengi tunaruka moja kwa moja hadi "toleo fupi", amri 12 tu. Ya kwanza ni ./configure, na hakuna neno hata moja la kukukumbusha mahitaji. Ya tatu ni su, yaani geuka kuwa msimamizi. Mwandishi amemfikiria mtu mwenye mashine yake. Wa maabara ya pamoja anahitaji --prefix=$HOME/pgsql, inayoweka kila kitu kwenye folda yake bila su. Chaguo hilo lipo, ila limezikwa kurasa za mbele.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwenye ujumbe wa kosa wenyewe. ./configure ikikosa readline inasimama, inakuelekeza kwenye config.log, kisha inakupa mlango wa nyuma: --without-readline. Zlib nayo vivyo hivyo, na tangu toleo la 16, ICU pia. Ile habari ya vipande viwili, ambayo sura inaijua vizuri, kwenye ujumbe haipo. Mtu amechoka, anaongeza --without mara tatu, inapita, anashangilia.

Gharama inakuja baadaye. Bila readline, mishale ya kibodi haikurudishii amri ulizoandika ndani ya psql. Hilo linavumilika. Bila zlib, pg_dump haiwezi kubana nakala rudufu kwa gzip kama kawaida yake. Nakala inavimba, na wewe ulipanga kuituma kwa msimamizi wako wa utafiti kwa bando la simu. Wengine wakifika hapo wanaacha kabisa kuweka nakala. Data za msimu mzima wa ziwani zinabaki kwenye diski moja!

Kwa hiyo sura isomwe, ila kwa mpangilio huu. Anza na mahitaji. Kwa Ubuntu au Debian, mwombe msimamizi mara moja tu: build-essential, pkg-config, libreadline-dev, zlib1g-dev, libicu-dev, bison na flex. Hizo mbili za mwisho, pamoja na Perl, ni lazima kuanzia toleo la 17. Halafu endesha ./configure na --prefix yako. Ikigoma, fungua config.log, lakini usiishie mwisho wa faili, kule kuna orodha ndefu ya vigezo tu. Panda juu hadi jaribio lililoshindwa. Sababu halisi iko hapo. Na usiendeshe initdb ukiwa root, itakukatalia, na ina haki: seva ya data haipaswi kuwa na mamlaka yote ya mashine.

Hukumu yangu: mwongozo mzuri wenye mlango mbaya. Mistari miwili ingetosha kuurekebisha: mmoja juu ya toleo fupi unaosema "soma mahitaji kwanza", mwingine kwenye ujumbe wa kosa unaotaja kipande cha kujengea kabla ya kutaja --without. PostgreSQL ni mradi huria unaopokea mapendekezo. Mwenye muda tuandike naye pendekezo hilo.