Kingo za Tabaka Moja la Atomi Zilivyoonekana

Tabaka moja la disalfaidi ya molibdenamu lina unene wa nanomita 0.65 hivi: safu ya atomi za molibdenamu iliyobanwa na safu mbili za salfa. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba nusu-kipitishi hiki kikipunguzwa hadi tabaka moja hutoa mwanga mwekundu kwa nguvu ambayo kipande kinene hakina. Chini ya hadubini ya kawaida, tabaka hilo huelekea kuonekana linang'aa karibu sawasawa. Naona usawa huo ulitokana zaidi na chombo kuliko na kitu kinachotazamwa. Tangu Ernst Abbe, mwaka 1873, inajulikana kwamba lenzi haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya takriban nusu ya urefu wa wimbi. Kwa mwanga wa nanomita 670, mpaka huo unazidi nanomita 300, na yote yaliyo ndani yake huchanganywa yakawa wastani mmoja.

Mwaka 2015 watafiti wa Maabara ya Kitaifa ya Lawrence Berkeley, Marekani, walitoa picha zilizovuka mpaka huo. Walitumia ncha yenye umbo la piramidi ya pande nne, mbili zikiwa zimepakwa dhahabu, iliyopewa jina la Campanile, mnara wa kengele wa chuo kikuu cha hapo. Kileleni mwake mwanga hubanwa katika mwanya mwembamba mno. Ncha hiyohiyo hupeleka leza na kupokea mwanga unaorudi, ikitembea nukta kwa nukta, na kila nukta huandikiwa spektra yake. Uzito wa kazi hii uko hapo hasa: nguvu na rangi ya mwanga zilipimwa pamoja, mahali palepale. Wakifikia ukali wa nanomita 60 hivi, waliona kando ya kingo ukanda wa takriban nanomita 300 ambao nishati yake imevurugika, tofauti na sehemu ya ndani. Kwa lenzi, upana wake wote ungemezwa na nukta moja yenye ukungu.

Atasema mtu kwamba hadubini ya elektroni huona hata atomi mojamoja. Ni kweli, lakini picha yake ya kawaida huonyesha atomi zilipo, haionyeshi mwanga unavyozaliwa pale, na elektroni zake huweza kung'oa salfa na kuharibu kinachochunguzwa. Pingamizi zito zaidi ni kasi: nukta kwa nukta ni kazi ya polepole, haifai kukagua bamba zima kiwandani. Nakubali. Hata hivyo, anayepima mwanga wa matabaka haya kwa lenzi pekee ataje ukubwa wa eneo alilopima, maana namba yake ni wastani wa ndani na kingo.