Karata Mezani, Daftari Mkononi

Mwandishi aliyekwama hakosi maneno. Anayo mengi mno, na kila moja linalofika mlangoni analirudisha kabla halijaketi, kwa kuwa analipima kwa kitabu kizima ambacho bado hakijaandikwa. Ndiyo maana ushauri wa kwamba apumzike, atembee ufukweni au asubiri fikra zimjie haumfai sana: akirudi mezani anamkuta hakimu yule yule aliye ndani yake. Ufundi ninaousifu hapa, wa kuandika kwa msaada wa daftari na karata za taroti, zile za picha ambazo wengi huzipigia ramli, unauendea ugonjwa wenyewe. Karata inayotolewa bila kuchaguliwa humpokonya mwandishi uamuzi wa mwanzo, ule unaomtesa. Daftari humrudishia uamuzi huo kidogo kidogo, sentensi baada ya sentensi, mahali ambapo hakuna msomaji wa kumwogopa. Vyote viwili vinahitajika. Karata bila daftari ni mchezo, na daftari bila karata mara nyingi hugeuka kuwa orodha ya manung'uniko.

Shahidi mkubwa wa nusu ya kwanza, ile ya karata, ni mwandishi wa Italia Italo Calvino. Mwaka 1969 mchapishaji Franco Maria Ricci alitoa kitabu cha fahari cha karata zilizochorwa katika karne ya 15 kwa ajili ya koo za Visconti na Sforza, watawala wa Milan, na Calvino akakiandikia hadithi. Wasafiri waliovuka msitu wanakutana katika ngome, na wote wamepotelewa na sauti. Hakuna awezaye kutamka yaliyomfika. Wanazo karata tu, na kila mmoja anapanga safu yake mezani, safu ya huyu ikikatiza ya yule, karata moja ikisema hili kwa mmoja na lile kwa mwingine. Sijui kisa kingine kinachoieleza hali ya mwandishi aliyekwama kwa uaminifu kama hicho. Kitabu kamili kilitoka mwaka 1973, kikiwa na sehemu ya pili iliyojengwa juu ya karata za taroti za mtindo wa Marseille, na Calvino mwenyewe ameeleza jinsi alivyozipanga na kuzipangua, akaacha, akarudi, hadi akaamua kukichapa ili kimwache huru. Alieleza pia kwamba alizitazama picha kwa jicho la mtu asiyejua maana yake. Hapo ndipo penye ufundi: kutazama kwanza, na kuyaacha maelezo ya vitabu vya maana yangoje.

Karata zinazomfaa zaidi mwandishi ni zile alizochora msanii Pamela Colman Smith mwaka 1909, kwa malipo madogo. Katika seti nyingi zilizotangulia, karata ndogo, zile za nambari, zilionyesha idadi tu: vikombe vitano, panga nane. Yeye aliweka watu ndani. Chukua Panga Nane. Mwanamke amesimama kwenye ardhi yenye majimaji, macho yamefungwa kitambaa, mwili umezungushiwa kamba. Panga zimechomekwa ardhini kando yake na nyuma yake, na mbali juu ya mwamba kuna ngome. Atazamaye haraka ataona mateka, ataandika neno "kufungwa", na kufunika daftari. Atazamaye kwa subira ataona kwamba miguu haikufungwa, na kwamba mbele yake hakuna upanga. Kwa nini basi hatembei? Nani aliyezichomeka panga akaondoka, na alipata wapi nane? Je, ngome ile ndiko alikotoka au ndiko anakokatazwa kwenda? Kamba haikukazwa sana. Pengine aliyemfunga alitaka ajifungue, au mkono ulimtetemeka. Mwandishi anayeyaandika maswali haya kwa mkono, bila kufuta, atajikuta ameshaanza kumjibu mmoja wa watu hao, na hapo hakimu amesahauliwa.

Kwa upande wa daftari, namtaja mwandishi wa Marekani John Steinbeck, ingawa yeye hakuhitaji karata. Mwaka 1951, akiandika riwaya yake East of Eden, alitumia daftari kubwa alilopewa na mhariri wake, Pascal Covici. Ukurasa wa kushoto alimwandikia Covici barua, wa kulia akaandika riwaya. Barua zinazungumzia penseli, watoto wake, hofu zake, na sura inayomkabili siku hiyo. Mkono ulikwishapata joto kabla haujavuka kwenda kulia.

Wapo watakaosema kwamba kuandika kwa karata ni ramli iliyovishwa kanzu ya fasihi, na kwa Mwislamu au Mkristo pingamizi hilo si dogo. Lakini karata hizi zilizaliwa Italia ya kaskazini kwa ajili ya kuchezewa, na Ufaransa mchezo huo ungali hai. Ilikuwa mwaka 1781 ndipo mwandishi Antoine Court de Gébelin alipodai kwamba ni kitabu cha siri cha Misri ya kale, wakati ambapo hapakuwa na mtu aliyeweza kuyasoma maandishi ya Misri hiyo. Zaidi ya asili, matumizi yenyewe yanatofautiana. Aendaye kwa mpiga ramli hutaka kuambiwa, na akishaambiwa shughuli imekwisha. Mwandishi haambiwi kitu; asipoandika, karata inabaki karatasi. Hata hivyo, ambaye dhamiri yake haimruhusu kuzigusa asiziguse. Picha yoyote yenye watu na jambo lisilokamilika itamfaa.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba chochote cha kubahatisha kingetosha. Mwaka 1975 mwanamuziki Brian Eno na mchoraji Peter Schmidt walitoa karata zenye maagizo mafupi kwa wasanii waliokwama, na zimewafaa wengi. Nakubali. Lakini agizo lililoandikwa limekwishaamua nusu ya njia, ilhali picha humwachia mtazamaji kazi yote ya kutafuta maneno, na kazi hiyo ndiyo dawa yenyewe.

Kazi hiyo ndiyo inayopotea. Siku hizi programu za simu huchanganya karata, hutoa moja na kuifasiri papo hapo kwa aya tatu laini, na programu nyingine ziko tayari kuandika hadithi yenyewe. Madaftari yanauzwa yakiwa na maswali yaliyokwisha kuchapwa, kana kwamba hata kuuliza ni mzigo wa kumtua mtu. Rasimu hufutwa bila kuacha mkato. Mwandishi anapata matini safi asiyojua ilipita wapi, na atakapokwama tena, jambo lisiloepukika, hatakuwa na ukurasa wowote wa zamani wa kumwonyesha alivyojinasua mara iliyopita.