Rangi Huja Usiku

Kazi ilianza siku moja kabla ya kuchora. Fundi alitwanga majani ya mhina yaliyokaushwa kivulini, akauchekecha unga kwa kitambaa cha melimeli, halafu akaurudia, kwa sababu chembe moja ya kikonyo inatosha kuziba tundu la koni. Akauchanganya na maji ya ndimu mpaka ukawa mzito kama mtindi, akaufunika na kuulaza. Ukali wa ndimu ndio unaoitoa rangi ndani ya jani, nao hautaki kuharakishwa. Asubuhi juu palikuwa pamegeuka hudhurungi na chini bado kijani. Hapo akajua hina imeiva, akatia matone ya mafuta ya karafuu na kuijaza kwenye koni za nailoni alizozikunja mwenyewe.

Nilikaa karibu naye jioni ile, ghorofani, Mji Mkongwe wa Unguja. Biharusi, mtoto wa dada yangu, alikuwa amenawa kwa sabuni, mikono mitupu bila tone la mafuta, maana mafuta huizuia hina isiingie. Fundi hakuanza kuchora. Aliushika ule mkono, akaukuta wa baridi, akausugua taratibu baina ya viganja vyake mpaka ukapata joto. Mkono wa baridi haukolei vizuri, alisema. Kisha akaulaza juu ya mto, akakata ncha ya koni kwa mkasi, kidogo sana, akaipima kwa mstari mmoja kwenye kipande cha karatasi.

Nilidhani koni huburuzwa juu ya ngozi kama kalamu. Sivyo. Ncha huelea juu kidogo, na hina hushuka kama uzi; mkono wa fundi huusindikiza tu uzi ule hadi pale unapotaka kulala. Kwa jani, alibana, akalegeza, akavuta, na jani likaisha kwa mkia mwembamba kama unywele. Kila baada ya majani mawili matatu aliifuta ncha kwenye kidole chake cha shahada cha kushoto, ambacho kwa miaka ya kufutiwa kimekuwa na rangi ya kahawa. Hakuwa na mchoro wa kufuatisha. Mtambaa ulianzia kifundoni, ukapanda kuelekea kidole cha kati, na sikumwona hata mara moja akitupa jicho kwenye mkono wa pili uliokuwa ukingoja. Chini watoto walipiga kelele, umeme ukakatika na kurudi. Yeye alikuwa kwenye jani lake.

Mara biharusi akashtuka, ua moja likavurugika. Fundi alilitoa kwa kijiti na pamba yenye maji, lakini alama ya machungwa ikabaki.

"Utaifuta?" biharusi akauliza kwa hofu.

"Ngozi imeshakunywa, mwanangu. Tuendelee."

Akaendelea, kwa mwendo uleule.

Mmoja wa mashangazi aliomba biharusi aongezewe piko, weusi uonekane. Fundi alikataa kwa upole: piko ya siku hizi mara nyingi ni rangi ya nywele, na dawa iliyomo imewababua wengi. Nafurahi alikataa. Tena piko humpa mtu jibu palepale, na uzuri wa hina kwangu ni kwamba haikupi. Saa 4 usiku alipodondoshea mchoro maji ya ndimu na sukari ili usikauke na kubanduka, mikono ya biharusi ilikuwa bado imefunikwa tope la kijani kibichi. Fundi akafunga mkoba, akaaga, akashuka ngazi. Saa 5 za kuinama, na anakwenda zake kabla ya kuona kazi imetoka vipi! Mimi nikichapisha makala, situlii mpaka nisikie wasomaji wamesemaje.

Alfajiri tuliikwangua hina kavu bila kuitia maji. Chini yake palikuwa na rangi ya machungwa tu, na biharusi karibu alie. Lakini hina ikishashikana na ngozi huendelea kukolea kwa hewa, saa baada ya saa. Siku ya pili viganja vilikuwa vyekundu vya kuiva, karibu na damu ya mzee, na mgongo wa mkono una rangi hafifu zaidi, kwani ngozi ya kiganja ni nene na hunywa zaidi. Kiganja hichohicho, kwa kuosha na kushika, ndicho kitakachotangulia kufifia. Wiki mbili au tatu, na mtambaa wote utakuwa umekwenda.

Nikampigia fundi simu kumwambia imekolea, tena imekolea mno. Nyuma yake nilisikia vicheko vya wanawake na mtu akiambiwa asitikisike.

"Alhamdulillahi," akasema. "Niko mkononi, mwanangu, nitakupigia."