Pilipili Haiogopi Sabuni

Sahani bapa, maji safi, pilipili manga ya unga na tone la sabuni ya kuoshea vyombo vinatosha kuwafanya watoto wapige kelele jikoni. Unanyunyiza pilipili juu ya maji, unachovya ncha ya kijiti cha meno kwenye sabuni, kisha unaigusisha katikati ya sahani. Kufumba na kufumbua, pilipili yote iko ukingoni.

"Imeogopa sabuni!" mtoto hupaza sauti, na watu wazima wengi humwachia hapo hapo. Ndiyo kasoro ya jaribio hili: linapendeza mno hata maelezo yoyote yanapita.

Kinachotokea ni kinyume. Molekuli za maji huvutana. Zilizo chini zina wenzao kila upande. Za juu hazina mwenzao upande wa hewani, hivyo uso wa maji hujikaza kama ngozi ya ngoma. Unga wa pilipili, mwepesi na usiolowana upesi, huelea hapo juu. Sabuni ikigusa katikati, mvutano wa uso hushuka pale hadi chini ya nusu ya ule wa maji matupu. Pembeni kungali kumekaza, basi pembeni huvuta uso wote kuelekea kwake, na pilipili hubebwa tu.

Mtoto atajuaje kwamba hii si hadithi nyingine tu? Usimwage maji. Mwambie achovye kijiti tena na aguse mara ya pili, baada ya kunyunyiza pilipili mpya. Safari hii haiendi popote, na punje kadhaa huzama. Kama ingekuwa inaogopa sabuni, ingekimbia tena. Uso wote umeshalegea, hakuna upande wa kuushinda mwingine. Kwangu mimi somo liko kwenye mguso huu wa pili, na ndio unaoachwa mara nyingi kwa kuwa hauna shangwe.

Uso wa maji uliochafuka ndio uliomshughulisha Agnes Pockels, aliyezaliwa 1862 na kuishi Braunschweig, Ujerumani. Wakati huo vyuo vikuu vya huko havikupokea wanawake, naye alikuwa nyumbani akitunza wazazi na kuosha vyombo. Alitengeneza chombo cha bati, akawa anasogeza ukanda wa bati juu ya maji ili kukusanya au kutawanya uchafu wa juu, na akapima mvutano kwa nguvu inayohitajika kubandua kidude kidogo kutoka kwenye uso huo. Mwaka 1891 alimwandikia mwanafizikia Lord Rayleigh, ambaye alisaidia barua yake ichapishwe katika jarida la Nature. Irving Langmuir, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932, aliendeleza chombo cha namna hiyo.

Basi jaribio likigoma tangu mwanzo, usilaumu pilipili. Kagua vidole: mtoto aliyetoka kula chapati akigusa maji, mafuta hutandaa na kuisukuma pilipili kabla ya sabuni kufika. Hilo nalo lifanyeni makusudi, kwa kijiti kilichochovywa mafuta ya kupikia badala ya sabuni. Kabla ya kurudia, suuza sahani mara kadhaa kwa maji mengi. Ya plastiki hung'ang'ania mafuta, kwa hiyo ya kioo au ya bati ni nafuu.